Kiti Kilichofunga Upande Mmoja

Kiti cha dereva kinapoanza kusogea chenyewe, hakianzi kwa kishindo. Changu kilikuwa kikiruka kiasi cha upana wa kidole tu, mbele nikikanyaga breki, nyuma nikiondoka kwa nguvu, kisha kinatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mke wangu ndiye aliyelalamika kwanza. Yeye ni mfupi, huendesha akiwa amejivuta karibu na usukani. Mimi miguu yangu ni mirefu. Kwa hiyo kiti kile kimekuwa kikivutwa na kurudishwa kila tunapopokezana gari, miaka nenda miaka rudi.

"Baba watoto, hiki kiti kinanisukuma," aliniambia akinikabidhi ufunguo.

Nikaingia, nikavuta ule mkono wa chini, nikajisogeza, nikasikia "ka!" ya kufunga. Nikaegemea kwa nguvu zangu zote. Kimya, hakuna kinachocheza. Nikatoka na gari hadi mahali palipo wazi, nikafunga breki za makusudi, moja baada ya nyingine, na hapo kikanisogeza kweli.

Ile "ka!" ndiyo iliyonishughulisha kuliko hata kule kusogea. Kama kiti kimefunga, kinasogeaje? Na kama hakikufunga, kilicholia ni nini?

Chini ya kiti cha mbele kuna reli mbili, moja upande wa mlango, nyingine upande wa katikati ya gari. Kila reli ni vipande viwili vilivyovaana. Cha chini kimefungwa sakafuni kwa bolti, cha juu kimebeba kiti, na kati yao kuna gololi ndogo zinazokifanya cha juu kiteleze. Ndani ya reli kuna komeo, kipande cha chuma chenye meno kinachosukumwa na springi ili meno yake yaingie kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye reli ya chini. Ule mkono wa kuvutia, chuma kilichopinda chini ya ukingo wa mbele wa kiti, huyainua makomeo ya pande zote mbili kwa mpigo mmoja, na ukiuachia springi huyarudisha. Matundu yamepangwa kwa hatua ndogo, kama sentimita moja hivi, ndiyo maana kiti hakikubali kukaa popote unapotaka bali pale jino linapopata tundu. Yako magari, hasa ya zamani, yenye komeo upande mmoja tu. Langu lina pande zote mbili.

Sasa sikiliza ujanja wake. Makomeo mawili yakifunga pamoja, unasikia mlio mmoja. Komeo moja likifunga na la pili likakwama juu, unasikia mlio mmoja vilevile. Aliyekaa juu ya kiti hana njia ya kutofautisha kwa sikio, na akijisukuma kwa miguu upande uliofunga unamshikilia vizuri tu. Kiti kinasogea pale nguvu inapokuwa kubwa kiasi cha kukikunja kidogo, upande mmoja ukibaki nyuma na mwingine ukitangulia, kisha kinarudi. Ule upana wa kidole niliokuwa nikiusikia ulikuwa ni kiti kikijipinda.

Kuna watu wataona huu ni usumbufu mdogo, kama mlango unaolia. Mimi siuoni hivyo, na sababu iko kwenye kishikizo cha mkanda. Kwenye magari mengi ya sasa kile kishikizo unachochomekea ulimi wa mkanda hakijafungwa sakafuni, kimefungwa kwenye kiti chenyewe, juu ya reli ya upande wa katikati. Maana yake gari likigonga, reli na komeo havibebi kiti peke yake. Vinabeba kiti pamoja na sehemu ya mzigo wa mtu aliyefungwa juu yake. Kanuni ya usalama wa magari ya Marekani inayohusu viti, namba 207, inataka kiti kilivyofungwa kistahimili nguvu ya mara 20 ya uzito wake, mbele na nyuma. Kiti chenye kilo 20 ni sawa na kuning'iniza kilo 400 kabla hujamhesabu binadamu. Hesabu hiyo ilifanywa kwa makomeo yote yaliyokusudiwa, si kwa nusu yake. Halafu kuna suala la mfuko wa hewa wa usukani, ule unaojaa ghafla ajali inapotokea. Ushauri wa kawaida ni kwamba kati ya kifua cha dereva na kitovu cha usukani kuwe na sentimita 25 au zaidi, kwa sababu mfuko ule hufumuka kwa nguvu kubwa mno. Mtu mfupi anayeendesha akiwa kwenye mpaka wa hizo 25 hana akiba ya kusogezwa na kiti wakati wa breki kali.

Kabla ya kushika spana yoyote nilitaka kuona. Hapa simu ilinisaidia kuliko tochi. Niliiegesha sakafuni nyuma ya kiti, taa ikiwaka, ikirekodi, kwanza reli ya katikati kisha ya mlangoni, huku mke wangu amekaa kitini akivuta na kuachia mkono, anasogea tundu moja, anavuta tena, anaachia. Uzito wa mtu ni muhimu. Kiti kitupu hakionyeshi ugonjwa uleule. Video ya reli ya katikati ilikuwa safi, komeo linashuka na meno yanazama mpaka mwisho. Ya mlangoni ilikuwa hadithi nyingine. Komeo lilishuka nusu, likasita ncha za meno zikiwa zimekaa kwenye kingo za matundu, na mara mojamoja, mke wangu akijitikisa, ndipo likadondoka ndani. Nilimwonyesha ile video. Akaitazama, akacheka kidogo, akasema tangu siku hiyo hatakaa kile kiti mpaka kitengenezwe. Na hakukaa.

Jambo la kwanza lilikuwa usafi, kwani reli ya mlangoni ndiyo hupokea kila uchafu unaoingia na viatu. Nilifyonza mchanga, nikatoa sarafu iliyojibana kwenye mfereji wa reli, nikakwangua kitu kigumu cheusi ambacho zamani kilikuwa soda iliyomwagika. Nikafuta grisi ya zamani iliyogeuka udongo, nikapaka mpya kidogo. Kiti kikawa chepesi na komeo likashuka vizuri. Ungeniuliza siku ile ningekuambia kazi imekwisha. Lakini haukupita muda mrefu, ukarudi uleule uzito wa kusita. Nilipolichungulia komeo kwa karibu nikaona kwa nini: meno yake yalikuwa yamelika upande mmoja, kingo za mbele zimekuwa mviringo, na matundu ya reli pale katikati, kwenye zile nafasi mbili tunazokaa mimi na yeye, yalikuwa yameanza kurefuka. Chuma kilichokwisha hakisafishwi.

Niseme hapa neno kuhusu mafuta mepesi ya kupuliza, yale ya kopo. Kila mwenye kiti kigumu huambiwa ayapulizie. Kiti kinalainika papo hapo, naye anafurahi, lakini yale mafuta huyeyusha grisi ya kiwandani na kuiondoa kwenye gololi, kisha yenyewe hukauka na kuacha utando unaonasa vumbi. Ni dawa ya kulegeza bolti yenye kutu, kwa kazi hiyo nayapenda sana. Kwenye reli ya kiti weka grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo, kwenye njia ya gololi, na meno ya komeo yaache makavu au yenye unyevunyevu tu. Hakuna sababu ya kulainisha kitu ambacho kazi yake ni kung'ang'ania.

Fundi mmoja niliyemwonyesha alikuwa na suluhisho la haraka. "Kaka, tukichomelee tu hapo unapokaa, hakitasogea tena maisha." Nikamuuliza na mke wangu aendesheje. Akafikiri, akasema tutafute mto wa mgongoni. Alisema kwa moyo safi kabisa, lakini kuchomelea reli ni jambo ninalolikataa hata kwa gari la mtu anayeendesha peke yake. Chuma cha reli ni chembamba na kimetengenezwa kiwe kigumu kwa namna maalumu. Moto wa kuchomelea hukiharibu ule ugumu pembeni mwa mshono, na mahali hapo ndipo patakapokatika siku ya siku. Tena mshono hauonyeshi udhaifu wake kwa macho. Unaonekana imara kuliko komeo. Na ukishachomelea, huwezi tena kusogeza kiti kufikia bolti zake, kwa hiyo umejifungia na kazi nyingine zote za chini ya kiti.

Kupata reli yenyewe kulichukua subira kuliko kuifunga. Watengenezaji wengi hawauzi komeo peke yake, wala springi peke yake. Wanauza mtambo mzima wa kusogezea, yaani reli ya juu na ya chini zikiwa zimeshavaana, na wengine wanauza pande zote mbili pamoja. Mwanzoni niliona ni wizi. Baadaye nikaelewa, maana reli ya kushoto na ya kulia zikichakaa kwa viwango tofauti, mpya moja na kuukuu moja hazitatembea sawa. Nilichukua jozi. Kama unanunua iliyokwisha kutumika, kutoka gari lililofumuliwa, angalia mambo machache kwa macho makali. Gari lililotoa kile kiti liligongwaje? Reli iliyobeba mtu wakati wa ajali inaweza kuwa imepinda kiasi usichokiona mpaka ulaze rula ya chuma juu yake. Mfuko wa hewa wa ubavuni mwa kiti ulifumuka? Kama ndiyo, achana nacho. Na usukani ulikuwa upande gani? Kiti cha dereva cha gari la usukani wa kushoto ni kiti cha abiria kwa gari la usukani wa kulia. Huenda kikaingia kwenye matundu ya sakafu bila ugomvi, lakini kishikizo cha mkanda na wenzo wa kulaza mgongo vitakuwa upande usio wako.

Kutoa kiti kunaonekana ni bolti nne. Ni bolti nne, pamoja na waya wa rangi ya njano.

Waya huo, au tuseme plagi yake ya njano chini ya kiti, ni wa mfuko wa hewa wa ubavuni na wakati mwingine wa kikaza mkanda kilichomo ndani ya kishikizo. Vyote viwili hufanya kazi kwa baruti ndogo inayowashwa na umeme mdogo. Kwa hiyo mpangilio wa kazi si hiari. Kwanza sogeza kiti unavyotaka ili ufikie bolti: mbele kabisa ili ulegeze za nyuma, nyuma kabisa ili ulegeze za mbele. Kwa kiti cha umeme, kinachosogezwa na mota, hatua hii ifanyike betri ikiwa bado imeunganishwa, la sivyo utabaki unazitazama bolti zilizojificha chini ya reli bila uwezo wa kuzifikia. Kisha zima gari, toa ufunguo, toa waya wa hasi wa betri, usubiri. Kompyuta ya mifuko ya hewa hutunza umeme wa akiba ili iweze kufanya kazi hata betri ikikatika katikati ya ajali, na akiba hiyo inahitaji dakika kadhaa kuisha. Kitabu cha gari husema ngapi. Mimi nilikwenda kutafuta glavu. Ukirudi, shika chuma cha bodi kwa mkono mtupu ili umeme wa mwilini ushuke, ndipo uguse plagi. Ina kikufuli kidogo cha kuvuta kabla haijaachia. Ukiilazimisha utakivunja, na plagi iliyolegea chini ya kiti itakuwashia taa ya mfuko wa hewa kila gari likipita kwenye tuta. Usiipime kwa mita ya umeme hata ukiwa na hamu kiasi gani. Na tangu hapo, mpaka kiti kirudi na plagi zote zichomekwe, mtu asiwashe swichi ya gari, hata kwa kusikiliza redio, kwa sababu kompyuta itaona mfuko haupo na kuandika hitilafu ambayo mara nyingi haifutiki bila mashine.

Bolti zangu zilikuwa na vifuniko vya plastiki, na vichwa vya nyota. Ukitumia biti isiyozama vizuri utakila kichwa, na hapo siku yako imebadilika. Gonga biti kwa nyundo ndogo ikae mpaka chini, ndipo uzungushe. Moja ya za nyuma ilikuwa na kutu, hiyo ndiyo niliyoipa yale mafuta ya kopo na kuiacha inywe kwa muda. Nikang'oa kilalio cha kichwa, nikatandika blanketi kizingitini mwa mlango, nikakilaza kiti kwa nyuma, nikakigeuza na kukitoa miguu kwanza. Ni kizito kwa namna ya ajabu, uzito wake uko chini na nyuma, na ncha za reli ni kali, zinakwangua rangi ya gari na kukata ngozi ya mkono bila kubagua. Watu wawili ni bora.

Kiti kikiwa kimepinduliwa juu ya blanketi, kazi ya kuondoa reli haikuwa na hadithi: bolti mbili kila upande, kishikizo cha mkanda kwenye reli ya ndani, mkono wa kuvutia uliochomekwa kwenye ncha za makomeo na kushikwa na klipu. Nilipiga picha kila kitu kabla ya kukigusa, hasa jinsi waya zilivyopita. Waya za chini ya kiti zina njia yake, na zikipitishwa kwingine zitasagwa na reli siku kiti kitakaposogezwa.

Hapa sasa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wengi hupapitia haraka. Reli mbili mpya zikifika mkononi, kila moja iko kwenye tundu lake. Moja imesukumwa kwenye kisanduku ikaenda tundu la nne, nyingine iko la saba. Ukizifunga kwenye kiti hivyohivyo, zitakubali, kwa kuwa reli za juu zina matundu yake ya bolti yasiyojali ya chini iko wapi. Tatizo utaligundua ndani ya gari, matundu ya sakafu yasipolingana, na kama ukilazimisha kwa kuvuta, utakuwa umekifunga kiti kikiwa mshazari. Komeo moja likipata tundu, la pili litakuwa juu ya ukuta kati ya matundu mawili. Yaani utakuwa umenunua mtambo mpya na kuufunga ukiwa na ugonjwa ule wa zamani.

Nilichofanya ni hiki. Nilizilaza reli zote mbili sambamba sakafuni, nikainua komeo la kila moja kwa bisibisi na kuirudisha reli ya juu mpaka mwisho wa njia yake, nikaachia komeo lifunge kwenye tundu la kwanza inalolikuta. Kisha nikachukua futi kamba na kupima kutoka ncha ya reli ya chini hadi ncha ya reli ya juu, upande huu na upande ule. Vipimo vilipishana kwa kiasi cha hatua moja. Nikasogeza ya kulia tundu moja, nikapima tena, vikalingana hadi milimita. Ndipo nikazifunga kwenye kiti, bolti zikiwa zimeingia kwa vidole tu bila kukazwa, nikapima pembe kwa pembe: kutoka ncha ya mbele ya reli ya kushoto hadi ncha ya nyuma ya reli ya kulia, halafu kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikilingana, na nafasi kati ya reli ikiwa sawa mbele na nyuma, reli zako ziko sambamba na kiti kiko mraba. Vikipishana, gonga kidogo kwa kiganja kabla ya kukaza. Mwisho nikarudisha mkono wa kuvutia na kuangalia makomeo yote mawili kwa macho, kwa kuwa kiti kikiwa kimepinduliwa unaona kila kitu. Nilivuta polepole. La kulia lilianza kuinuka kabla ya la kushoto kidogo. Klipu ya kushoto haikuwa imekaa hadi mwisho. Nikaisukuma ikaingia, nikavuta tena, yakainuka pamoja na kushuka pamoja, na mlio ukawa mfupi, mkavu, tofauti na ule niliokuwa nimeuzoea. Sikujua kama kiti changu kiliwahi kulia hivyo.

Kishikizo cha mkanda nilikirudisha kwa bolti yake ileile, nikaikaza kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa makadirio ya bega. Kila gari lina kipimo chake na hakikopeshwi kwa gari lingine. Kwa bolti za sakafuni, kitabu changu kilitaka nyutoni-mita 37, na mkono uliozoea kukaza nati za magurudumu hupita hapo bila kujua. Bolti iliyokazwa kupita kiasi huharibu hesi za nati iliyochomelewa chini ya sakafu, na kuipata nati hiyo ni kukata bodi.

Kukirudisha kiti ndani kuna kanuni moja inayosaidia. Bolti zote nne ziingie kwa vidole kwanza, mizunguko kadhaa, bila spana. Kama mojawapo inakataa kuingia kwa vidole, basi reli haijalingana na tundu. Toa, sogeza, rudia. Zikishaingia zote, telezesha kiti mbele na nyuma mara kadhaa zikiwa bado zimelegea, ili reli zijipange zenyewe. Ndipo ukaze. Kaza za mbele, sogeza kiti, kaza za nyuma, kisha sogeza tena usikilize kama kuna mahali kinakaza. Kiti kinachoteleza vizuri katikati na kukaza miishoni kinasema reli zimefungwa zikielekeana au zikiachana.

Plagi zote nilizichomeka na kuzivuta kidogo kuhakikisha zimeshika, nikarudisha betri, nikawasha swichi nikiwa nje ya gari, mkono mmoja umepitia dirishani. Taa ya mfuko wa hewa iliwaka sekunde chache, ikazima. Inapaswa kuwaka na kuzima. Isipowaka kabisa hilo nalo ni tatizo, na isipozima plagi mojawapo haijakaa.

Jaribio la kiti nililifanya tundu kwa tundu, kuanzia nyuma mpaka mbele, nikiwa nimekaa na gari limezimwa, kila mahali najisukuma kwa miguu mbele na nyuma, na mke wangu akichungulia chini kwa tochi. Kazi yake ilikuwa kusema "yote" au "moja". Alisema "yote" mpaka nikachoka kumwuliza. Kisha akanitoa, akakaa yeye, akanituma mimi chini na tochi, kwa sababu uzito wake na mahali anapokaa ni tofauti na pangu. Baada ya hapo tukaenda palepale pa wazi, breki taratibu, breki za wastani, breki kali. Baada ya kuendesha kwa muda nilipitisha tena spana kwenye bolti zote, hakuna iliyokuwa imelegea.

Mtu mwenye kiti cha umeme anaweza kusoma haya na kuona hayamhusu. Yanamhusu kwa mlango mwingine. Kwenye viti vingi vya aina hiyo mota moja ndiyo inayosogeza pande zote mbili, ikizungusha nyaya laini mbili, si za umeme, zinazopeleka mzunguko kwenye gia ya kila reli. Waya mmoja ukikatika au ncha yake ikalika, mota inaendelea kunguruma, upande mmoja unakwenda na mwingine unabaki, kiti kinajipinda kisha kinakwama. Ukisikia mota inalia na kiti hakiendi, usinunue mota. Tazama nyaya na gia za plastiki. Ukibonyeza na kimya kimetanda, anza na fyuzi, kisha swichi, kisha waya wa umeme uliosagwa chini ya kiti. Na kama kimekufa kikiwa kimefunika bolti, mota nyingi hukubali kupewa volti 12 moja kwa moja kwenye plagi yake, kupitia waya wenye fyuzi. Ukibadilisha chanya na hasi inarudi upande wa pili. Hakikisha tu ni plagi ya mota uliyoishika na si ile ya njano.

Kiti cha abiria nilikirekodi kwa simu vilevile. Makomeo yake yote mawili yanazama, hivyo nilikisafisha na kukipaka grisi bila kukitoa. Hicho sikifungui bila sababu nzito: kwenye magari mengi kimewekewa vihisio vya uzito vinavyoiambia kompyuta kama kuna mtu mzima, mtoto au hakuna mtu, na ukishakifungua huenda ukalazimika kukipeleka kikasawazishwe kwa mashine ndipo mfuko wa hewa wa upande ule ujue umebeba nani.